Besi Iliyowekwa Tumati

Tumati, Mbulu
23 Machi 2025

Mdogo wangu Rogathe,

Marahaba. Naitikia kabla hujaandika, maana najua utaanza na shikamoo. Huku tupo. Mvua imeanza vizuri na maharage yametoka. Wifi yako mguu unamsumbua, ila anakwenda shambani hivyo hivyo na hasikii la mtu. Judica bado anafundisha shule ya hapa kijijini, na ndiye anayepiga picha barua hii kukutumia, kwa hiyo ukiona kidole pembeni ya karatasi ujue ni cha mwanangu. Unasema kila siku tupige simu. Mtandao wa huku unaujua, mimi nikiandika naeleweka zaidi. Ng'ombe wako wa Getanuwas hajambo.

Sasa habari yenyewe. Besi, lile tarumbeta kubwa ulilonitumia, imefika. Nilikwenda kuichukua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, nikaoneshwa sanduku refu kuliko mzinga wa nyuki. Nilitaka kulifungua pale pale. Tangu ile ya zamani ilipotoboka, kundi letu la matarumbeta limebaki sauti za juu tupu. Siku ya kumzika mama, Agosti, nilisimama pembeni ya kaburi na tarumbeta kubwa bovu begani, nikipuliza hewa. Nilikuahidi nitalipigia kaburi lile wimbo wake kwa besi, Pasaka ya mwakani tukiweka msalaba wa saruji, na sasa nitaweza.

Lakini hawakunipa hivi hivi. Nilidhani ukishalipa huko umelipa. Kumbe wanachukua bei uliyonunulia, wanaongeza nauli ya ndege, juu ya hiyo wanahesabu ushuru wa forodha. Halafu VAT nayo inahesabiwa juu ya vyote, pamoja na ushuru wenyewe. Nikamwuliza ofisa kama ninalipia kodi ya kodi. Akasema ndivyo sheria ilivyo, mzee, na alikuwa mpole tu. Jumla milioni moja na elfu hamsini. Mfukoni nilikuwa na laki mbili.

Palikuwa na wakala wa forodha, Patriki, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akaniuliza kama mzigo ni wangu. Nikasema si wangu. Ni wa mdogo wangu, amenipa nimwekee. Nikawaeleza yeye na ofisa: kwetu mtu akikuwekesha ng'ombe unamchunga, maziwa unakunywa, lakini ng'ombe ni wake hata akae kwako miaka ishirini, wala humwuzi bila neno la mwenyewe. Ofisa akauliza, "Kwa hiyo mwenyewe akiitaka, inarudi?" Nikasema akiitaka inarudi, hata kesho.

Wakatazamana. Wakasema kwa kitu cha namna hiyo kuna karatasi yake, na kodi hailipwi. Patriki akaniwekea dhamana ya kampuni yake, nikampa elfu themanini, nikasaini. Sikusema uongo hata neno moja. Besi iko chumbani kwangu sasa, chini ya dirisha.

Kaka yako,
Yonas


Ujerumani
6 Aprili 2025

Kaka Yonas,

Shikamoo, hata kama umeshaitikia. Wifi akapimwe huo mguu, mwambie ni mimi muuguzi nimesema. Hapa baridi inaondoka kwa kujivuta. Nawahudumia wazee wangu kama kawaida, kuna mmoja ananiita kwa jina la binti yake na nimeacha kumsahihisha.

Kaka, nimesoma barua yako mara tatu na moyo wangu haukutulia. Naomba Judica apige picha ile karatasi uliyosaini, kurasa zote. Nina wasiwasi hukuelewa. Kwetu "inarudi" haina siku. Kwao ina tarehe. Kama ni karatasi ya kuingiza kitu kwa muda, maana yake besi lazima itoke nchini kabla ya siku fulani, na isipotoka watadai kodi yote na faini, na wataanza na huyo Patriki aliyekudhamini.

Na jambo la pili. Nani alikuambia nimekuwekesha? Niliandika juu ya sanduku: zawadi kwa kaka yangu. Najua zawadi nayo inatozwa, ningetafuta hiyo hela ungeniambia. Kwa nini ulisema si yako?

Rogathe


Tumati
18 Mei 2025

Mdogo wangu Rogathe,

Usinune kwa kuchelewa kwangu, tulikuwa kwenye palizi. Mahindi yamefika kiunoni. Wifi yako amepima, ni baridi yabisi, amepewa dawa na amezisahau. Mzee Emanuel wa kwaya amefariki na tumemzika. Nilipiga besi, Rogathe. Watu waligeuka kutazama sauti inatoka wapi.

Karatasi Judica amekutumia. Uliyosema ndiyo yaliyoandikwa, kwa herufi ndogo mno. Itoke nchini au ilipiwe kabla ya tarehe 18 Machi 2026. Sikuiona siku ile, au niliiona nikadhani ni tarehe ya kwenda kuwasalimia na kuwaonesha kuwa ipo. Mtu akikuwekesha ng'ombe, hupita mara moja moja kumtazama. Nilidhani na serikali ni hivyo.

Unaniuliza kwa nini nilisema si yangu. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo ninavyoona. Tusiligeuze kuwa kesi. Mwaka ni mrefu, mavuno yanakuja, nitalipa. Ng'ombe wako hajambo, majani Getanuwas yapo.

Yonas


Ujerumani
2 Novemba 2025

Kaka Yonas,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya miezi mitano na sina la kujitetea. Ni mzima. Kazi ipo, namshukuru Mungu. Hapa saa kumi na moja jioni giza linaingia.

Judica ameniambia mahindi yaliungua na jua mwezi wa sita na mmevuna magunia manne tu. Sikufurahi kusikia kwake badala ya kwako. Imebaki miezi minne, kaka. Nimelala na tarehe hiyo kichwani kama vile ni mimi niliyesaini.

Nimeona njia. Uza yule ng'ombe wangu. Yule mwekundu mwenye baka jeupe, aliyenipa baba nilipomaliza chuo cha uuguzi. Yuko kwa Nicodemo Getanuwas miaka yote hii, sijawahi kunywa hata kikombe cha maziwa yake. Neno la mwenyewe ndilo hili, nimelitoa. Mwuze, lipa kodi, besi ikae. Na mpe Nicodemo chake kwa kazi ya kuchunga.

Usinijibu baada ya palizi. Nijibu sasa.

Rogathe


Tumati
30 Novemba 2025

Mdogo wangu Rogathe,

Marahaba. Wote tunakusalimu. Mvua za vuli zimegoma, tunatazama mawingu yanapita kwenda Babati. Mbwa wetu yule mzee amekufa.

Habari ya ng'ombe nimesoma. Wakati huu si mzuri wa kuuza. Bei imeanguka, kila mtu anapeleka mnadani kwa sababu ya ukame, wanunuzi wanatucheka. Halafu nasikia ana mimba. Tungoje.

Lakini na mimi nina swali, kwa sababu nimelibeba muda mrefu na leo nalitua. Wewe uko Ulaya. Unalipwa euro. Mtu aliyeko Ulaya anamwambia aliyeko Tumati auze ng'ombe? Hiyo milioni kwako ni mshahara wa siku ngapi? Sikuombi, sijawahi kukuomba. Nataka tu kuelewa. Kama sikuelewi, ni kama nisivyokuelewa Agosti ile. Tulimweka mama siku nne tukikusubiri. Watu waliniuliza anakuja, nikasema yuko njiani. Hukuwa njiani, na hukusema kwa nini. Ulituma shada la maua kwa duka la Arusha, likafika tumeshafukia.

Nimeandika kwa hasira na sifuti.

Yonas


Ujerumani
14 Desemba 2025

Kaka,

Shikamoo.

La Agosti sitalijibu. Si kwamba sina jibu.

Nijibu wewe haya. Nilimwomba Judica namba ya Nicodemo nizungumze naye mwenyewe habari za mauzo. Akaniambia baba amekataza asinipe. Kwa nini unakataza mwenye ng'ombe asizungumze na anayemchunga?

Na Judica ameniambia jingine, usimgombeze, nilimbana. Anasema mtandao wa Tumati ni mzuri tu, mnara uko mlimani juu ya shule. Anasema ni masikio. Anasema simu ukiiweka sikioni unasikia mchakacho, na kwamba kanisani anakaa nyuma yako akikugusa bega ujue pa kuanzia. Miaka mitatu sasa. Miaka mitatu unaniandikia kuwa ni mtandao.

Nalia ninapoandika, na nimekukasirikia pia. Uza ng'ombe.

Rogathe


Tumati
27 Desemba 2025

Rogathe,

Barua hii haipiti kwenye simu ya Judica. Nimepanda gari hadi Mbulu mjini nikanunua stempu, kwa hiyo itakuchukua wiki nyingi. Sitaki mwanangu aisome.

Ng'ombe wako hayupo. Nilimwuza Julai ya mwaka jana, mama alipolazwa. Walitaka kumpasua, na bima yake haikugusa nusu ya gharama. Nilikuwa nimeshauza mbuzi wote. Mama alinishika mkono, akasema usimwambie Rogathe, atahangaika huko peke yake na hana wa kumshika. Nikakubali. Nilikwenda Getanuwas, nikamwambia Nicodemo, "Mwenyewe amesema nimchukue." Akanifungulia. Hukuwa umesema. Ndama wake wa kike aliyekuwa ameachishwa kunyonya nilimwacha pale, nikamwambia awe ujira wake. Mama alipasuliwa, akaishi siku kumi na sita.

Ng'ombe wa kuwekeshwa akifa, mchungaji anampelekea mwenyewe ngozi, ajue hakuliwa. Mimi sina hata ngozi ya kukuonesha. Kwa hiyo nimekuwa nikikuandikia hajambo, ana mimba, majani yapo.

Sasa unajua kwa nini nilisema besi si yangu. Ofisa aliponiuliza, nilimwona yule mwekundu machoni. Nisingeweza kuandika "yangu" juu ya kitu chako cha pili.

Masikio ni kweli. Yalianza upande wa kushoto. Tarumbeta ndogo zilipotea kwanza, kisha kwaya, kisha sauti ya Judica. Besi haijapotea. Nikiipuliza, mbao za kitanda zinatetemeka na mimi nasikia, sijui kama ni kwa masikio au kwa mifupa. Ndiyo sauti niliyobakiwa nayo. Naogopa tarehe 18 Machi kuliko ninavyoogopa kufa, na hilo sijamwambia mtu.

Patriki nimemwandikia kuwa naweza kushindwa. Ana watoto, sitaki alipe kwa ajili yangu. Ikibidi nitairudisha besi uwanjani mwenyewe.

Yonas


Ujerumani
11 Februari 2026

Kaka Yonas,

Shikamoo. Barua yako ya posta imefika jana. Imekaa wiki sita njiani na mimi nilikuwa nakuhesabu kuwa umenisusa.

Nianze na hasira, ikae mbele niione. Nimekasirika sana. Si kwa ng'ombe. Ng'ombe kumtibu mama, ningesema ndiyo kabla hujamaliza kuuliza. Nimekasirika kwa sababu mlikaa wawili mkaamua mimi nisijue, na ukaendelea kunilisha habari za majani ya Getanuwas kama mtoto anayelazwa. Mama siwezi kumgombeza tena, kwa hiyo zote unazipokea wewe.

Na sasa yangu. Na mimi nimekulisha. Karatasi yangu ya kukaa nchi hii iliisha Julai ya 2024, mwezi ule ule ulipomwuza ng'ombe. Nilikuwa nimeomba mpya na ofisi ya wageni haijajibu. Mama alipofariki niliwauliza, wakasema naweza kuondoka, lakini nikitoka kabla ya jibu sitarudi. Nilikuwa na hela ya tiketi kwenye bahasha. Nilikaa kitandani siku mbili na ile bahasha, na sikwenda. Niliogopa kupoteza kazi niliyoihangaikia miaka tisa. Sikuwaambia kwa sababu ningesemaje? Kwamba nilichagua karatasi nikamwacha mama?

Besi nilinunua kwa bahasha ile ile. Mzee mmoja wa bendi ya kijiji cha jirani meno yalimwisha, akaiuza. Sikukuwekesha, kaka. Ilikuwa nauli yangu ya mazishi.

Halafu Juni ya mwaka jana kibali cha kazi kikasimamishwa hadi waamue, ingawa nilikuandikia kazi ipo. Ndiyo maana nilinyamaza, ndiyo maana nikasema uza ng'ombe. Nakula kwa rafiki yangu Monica anayetoka Karatu. Hiyo milioni sina. Mimi na besi yako tumeingia nchi za watu kwa muda, na kila mmoja ana tarehe yake.

Nakuomba kitu kimoja, na hiki si cha kungoja. Nenda Getanuwas. Umwambie Nicodemo mbele ya uso wake kwamba siku ile sikuwa nimesema. Amechunga mali yangu miaka kumi na nne, hastahili kubaki na uongo wetu zizini kwake. Besi ikirudi, irudi. Lakini hili lifanyike kwanza.

Mdogo wako,
Rogathe


Tumati
8 Machi 2026

Mdogo wangu Rogathe,

Marahaba. Wifi yako anakusalimu, na nimemsomea barua yako yote, pia Judica. Walilia, kisha wakanigeukia mimi kwa pamoja. Sitaki kukumbuka.

Nilikwenda Getanuwas juzi. Nilipita Katesh, nikashuka Nangwa kusubiri pikipiki. Nicodemo nilimkuta zizini. Unamjua, alibatizwa shuleni, jina akalichukua na kanisani hajarudi tena. Kwa kuwa sisikii vizuri nilimwomba azungumze karibu, na mimi nikazungumza kwanza. Nikamwambia nilidanganya. Rogathe hakusema, hakuwa anajua, amejua mwezi uliopita.

Alichora chini kwa fimbo. Kisha akaniinamia sikioni akasema, "Nilijua siku ile ile. Mwenyewe angesema, angemtaja na ndama."

Rogathe, nilitamani ardhi inimeze. Nikamwuliza kwa nini basi alinifungulia. Akasema alimwona mtu ambaye mama yake anakufa. Nikamwambia, ndama si nilikuachia awe ujira wako? Akanitazama kama mpumbavu. Akasema, "Ujira gani unatolewa na mtu asiye mwenyewe?" Akanishika mkono akaniongoza kwenye kona ya zizi. Yupo, Rogathe. Mwekundu, baka jeupe begani. Amekuwa mtamba mkubwa na ana mimba ya kwanza. Karibu miaka miwili anamchunga kwa jina lako na hajamkata masikio kwa alama yake.

Nikasema basi namwuza, tarehe imebaki siku chache. Akakataa katakata, mwenye mimba hauzwi. Akanionesha maksai wake mmoja, mnene. Akasema nimpeleke huyo mnadani Katesh, na ndama atakayezaliwa akiwa jike atakuwa wake yeye. Akiwa dume atasubiri mzao wa pili. Unajua wafugaji wa kule hubadilishana hivyo tangu zamani. Hakutaka karatasi.

Anataka kitu kimoja. Safari hii asikie sauti yako. Si barua, si picha, si mimi. Namba yake Judica ameiandika hapa chini. Mnada ni kesho kutwa, mpigie upesi.

Yonas


Ujerumani
9 Machi 2026

Kaka,

Shikamoo. Nimempigia leo asubuhi. Alipokea, nikasikia ng'ombe nyuma yake. Nikamwambia mimi ni Rogathe, maksai auzwe, ndama wa kwanza jike ni wake, nimesema mwenyewe. Akaniuliza kama nakula vizuri. Nikasema nakula kwa rafiki, akasema basi, amesikia.

Sasa na mimi nina sharti. Ukifika forodha watakuuliza mmiliki ni nani. Uandike jina lako. Ukiandika langu, usinihesabu kuwa ndugu.

Rogathe


Tumati
6 Aprili 2026, Jumatatu ya Pasaka

Mdogo wangu Rogathe,

Marahaba, marahaba sana. Wote tu wazima. Mvua inanyesha ninapoandika na hakuna anayelalamika.

Kodi nililipa tarehe 16, siku mbili kabla. Besi nilikwenda nayo waitazame, nikaishikilia mapajani njia nzima hadi Kilimanjaro. Patriki aliponiona alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Ofisa alikuwa yule yule. Hesabu haikupungua, kodi ya kodi na vyote. Akanipa fomu mpya, inayosema kitu kimeingia kukaa. Penye mwenye mali kalamu ikasimama. Akauliza, "Mzee, ni ya mdogo wako bado?" Nikasema hapana. Nikaandika Yonas Sulle. Jina limekaa vibaya, lakini linasomeka.

Jana alfajiri tulikwenda makaburini na kundi lote la matarumbeta. Msalaba wa mama umesimama, Judica amekutumia picha. Nicodemo alikuja. Alitoka Getanuwas jana yake, akalala kwetu, akasimama nje ya uzio na fimbo yake, akasema ndani hataingia lakini anataka kusikia kile maksai wake alichonunua.

Nikuambie ilivyokuwa, maana hukuwepo na nataka uwepo. Wenzangu walianza, nikaona mashavu yao yamejaa, sikusikia kitu. Kimya, Rogathe, kama wanatania. Judica akanigusa bega. Nikapuliza. Ikatoka chini, ikapita miguuni, ikapanda kifuani. Nikausikia wimbo wa mama wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho wake. Nilipomaliza wifi yako aliniambia nilikuwa nalia, mimi nilidhani ni umande.

Nicodemo aliniinamia sikioni akasema sauti ile ni ya dume. Amefurahi.

Habari ya karatasi yako nimeifikiria njia nzima kurudi kutoka forodha. Wakikupa, kaa ufanye kazi yako, hakuna atakayekuuliza ya Agosti, mimi wa kwanza. Wakikunyima, usiingie nyumbani kwa kuinamisha kichwa. Una ng'ombe Getanuwas. Na kule uliko, mdogo wangu, umewekeshwa tu. Wenyewe tupo huku, na neno la kukutoa mikononi mwetu hatujalisema.

Kaka yako,
Yonas